Toyota iko paka Toyota? Deni la kiwanda lisiishie Kasumbalesa

Kila juma motokari za okazioni zinaingia Kongo kupitia Kasumbalesa. Nyingi zimetoka Japani. Zimeshuka kwenye bandari ya Dar es Salaam ao ya Durban, zimekata Zambia, zimepita Chingola na Chililabombwe, na sasa zinangoja karatasi za DGDA na za OCC. Mnunuzi, ambaye mara nyingi ni mwenzetu wa mgodi, anauliza maswali matatu: Bei ni ngapi? Inakula mafuta namna gani? Iko Toyota? Akisikia ndiyo, anatoa feza.

Kuna swali la ine ambalo karibu hakuna mtu anauliza: hii motokari iliitwa kiwandani, na ilienda? Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama ambao watoto wenu wanapanda taksi kila asubuhi, leo tunataka kuzungumza juu ya swali hilo.

Rapeli ni nini

Kiwanda kikigundua kwamba kuna kintu kibaya katika motokari ambazo kimekwisha kuuza, kwa mfano freni, volani, ao mfuko wa hewa, kinapashwa kuziita. Kinatuma barua kwa mwenye motokari: leta, tutabadilisha ile kintu bure. Njo rapeli. Haitegemei kama motokari imezeeka, wala kama mwenyewe ameitumia vibaya. Ni kosa la kiwanda, na kiwanda njo kinalipa.

Siye wa sendika tunaliona kama deni. Kiwanda kiliuza kintu kisichokuwa sawa, na mpaka kitengenezwe, deni linabaki. Lakini barua inafuata anwani ya mtu aliyeandikishwa kule Nagoya ao Osaka. Siku motokari inafutwa katika kitabu cha kule na kupandishwa meli, barua haina tena njia. Deni linabaki ndani ya shasi, halina wa kulidai. Motokari inavuka Kasumbalesa na ugonjwa wake, na hakuna mtu anaandika ule ugonjwa kwenye karatasi ya duane.

Na motokari za namna hii si kidogo. Mwaka wa 2020, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilitoa ripoti: kati ya 2015 na 2018, motokari ndogo za okazioni milioni 14 ziliuzwa toka inchi moja kwenda ingine. Asilimia 80 zilienda kwa inchi za maskini na za kipato cha katikati, na zaidi ya nusu zilikuja Afrika.

Baruti ambayo mchimbaji anaijua

Tuchukue mfano mkubwa kupita yote, ule wa Takata. Hii ilikuwa kompani ya Japani iliyotengeneza mifuko ya hewa, ile mafundi wanaita erbagi, kwa Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Ford, BMW na wengine wengi. Ili mfuko ujae kwa kufumba jicho, ndani ya kikopo cha chuma kuna dawa inayolipuka. Takata ilichagua nitrati ya amoniamu.

Mtu wa mgodi hana haja ya mwalimu hapa. Nitrati ya amoniamu njo tunachanganya na mazutu kwa kupasua mwamba. Kila mtu wa dinamiti anajua kwamba baruti inachungwa: haiachwe kwenye unyevu, haiachwe miaka na miaka kwenye joto. Ndani ya motokari hakuna anayeichunga. Jua la mchana na ubaridi wa usiku, majira ya mvua na kiangazi, mwaka kwa mwaka, vinavunja vile vidonge. Siku motokari inagonga, hata kama si kwa nguvu, dawa inawaka mbio kupita kiasi, kikopo kinapasuka, na vipande vya chuma vinaingia kwenye shingo na uso wa dereva. Kintu kilichowekwa kwa kumwokoa njo kinamuua.

Honda ilianza kuita motokari zake mwaka wa 2008. Kisha ikaonekana kwamba ni vikopo karibu milioni 100 katika dunia. Mwaka wa 2017 Takata ilikubali makosa mbele ya tribinali ya Marekani, ikahukumiwa kulipa dola miliare 1, na mwaka ule ule ikafilisika. Katika Marekani peke yake watu zaidi ya 25 wamekufa. Na mambo hayajaisha: mwezi wa 6, 2025, mwanamke mmoja alikufa kule Reims, Ufaransa, ndani ya Citroën C3, na serikali ya kule ikaomba C3 na DS3 zote zinazohusika zisitembezwe tena mpaka zibadilishwe kikopo. Mbele ya hapo, ajali nyingi za Ufaransa zilitokea kwenye visiwa vyake vya joto. Fikirieni basi inchi yetu, ambapo motokari ya miaka 18 inaitwa ingali mupya.

Angalieni tena jambo hili. Tangu mwezi wa 5, 2018, serikali ya Japani ilikataza motokari zenye vikopo vya hatari zaidi kupitishwa kwenye kontrole ya kawaida kama hazijatengenezwa. Maana yake, mwenye motokari ya namna ile kule hawezi kuitembeza tena. Ana njia mbili: kuipeleka kwa fundi wa kiwanda, ambaye anatengeneza bure, ao kuiuza. Na hakuna kintu kwenye mpaka wetu kinachotuonyesha ni ipi kati ya njia hizo alichagua.

Kulinganisha viwanda: jina peke yake halitoshi

Katika Lubumbashi tunasema "Toyota haikufe." Kwa motere na kwa vipande vya kubadilisha, wasemaji wana haki: Toyota inatengenezwa katika kila kijiji, na kipande chake kinapatikana. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu mwenye mshahara mdogo. Lakini kudumu ni jambo moja na kulinda mtu ni lingine. Corolla, Yaris na RAV4 za miaka fulani zilikuwa kwenye orodha ya Takata. Mwaka wa 2014 Toyota ililipa dola miliare 1 na milioni 200 kwa serikali ya Marekani juu ilikuwa imedanganya wanunuzi kuhusu motokari zilizoongeza vitesi zenyewe. Mwaka wa 2023 Daihatsu, mtoto wa Toyota, ilikubali kwamba ilidanganya katika majaribio ya usalama kwa miaka mingi, na motokari zingine zilikuwa na alama ya Toyota.

Hatusemi Toyota ni mbaya kupita wengine. General Motors ilijua kwa miaka ubaya wa kontakti zake mbele ya kuziita mwaka wa 2014, na watu 124 walihesabiwa kuwa wamekufa. Tunasema hivi: kiwanda kinachoita motokari zake si lazima kiwe kiwanda kibaya. Kile kinachonyamaza njo cha kuogopa. Ukisikia "hii marke inaitwa-itwa kila mwaka", usikimbie. Uliza paka: iliita mbio ao ilichelewa? Na hii motokari iliyo mbele yangu ilitengenezwa ao hapana?

Kuna mfano mwingine wa karibu na siye. Nissan NP300 Hardbody ni pickup inayojulikana sana katika kusini mwa Afrika. Mwaka wa 2018 Global NCAP, shirika linalogongesha motokari kwa kuzipima, liliipa nyota 0, hata kama ilikuwa na mifuko ya hewa, juu bodi lenyewe lilikunjika. Kisha waligonganisha ile pickup mupya ya Afrika na Nissan Navara ya okazioni ya 2015 iliyouzwa Ulaya. Matokeo: dereva wa ile ya Ulaya angetoka akitembea, dereva wa ile ya Afrika angekufa. Kiwanda ni kimoja, alama ni moja, lakini mtu wa Afrika aliuziwa kintu kingine. Njo maana tunakataa kulinganisha alama za mbele peke yake. Linganisha modeli na modeli, mwaka na mwaka, na soko ambamo iliuzwa mara ya kwanza.

Volani ya kuume na mlango wa katikati ya barabara

Motokari za Japani zina volani kuume, na siye tunatembea kuume. Serikali ya Kinshasa imejaribu kuzikataza, na siye wa Katanga tumelalamika, juu ya bei: ya volani ya kushoto ni ghali, na njia yetu inapita Zambia ambapo wanatembea kushoto. Haki hiyo tunaishika. Lakini tusidanganyane. Kwenye barabara ya Kasumbalesa, kilomita karibu 90 zilizojaa kamiyo za shaba na za asidi, dereva wa volani ya kuume haone mbele ya kamiyo anayotaka kupita mpaka atoe motokari nusu. Na Hiace ya Japani inafungua mlango upande wa kushoto: mtoto anashuka katikati ya barabara. Na kama fundi anageuza volani kuileta kushoto, uliza alifanya nini na mfuko wa hewa na nyaya zake. Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna tena mfuko.

Mbele ya kutoa feza

Omba namba ya shasi mbele ya kuzungumza bei. Motokari za Japani zina namba fupi. Kwa mfano Toyota ist nyingi zinaanza na NCP60 ao NCP61. Zile za Ulaya na Marekani zina herufi na namba 17. Linganisha namba ya chuma na ile ya karatasi ya kutoka Japani. Kama hazifanani, rudi nyumbani na feza yako. Toyota, Honda na Nissan za Japani zina ukurasa kwenye intaneti ambamo unaandika namba ya shasi na unaona kama kuna rapeli isiyofanywa. Lugha ni ya Kijapani, lakini telefone ya kijana wa nyumba inatafsiri.

Weka kontakti, angalia taa nyekundu ya mfuko wa hewa. Inapashwa kuwaka, kisha kuzima. Ikibaki inawaka, kuna ubaya. Isipowaka hata kidogo, kuna mtu aliyetoa ampule kwa kukuficha ukweli.

Soma namba 4 za mwisho kwenye mpira baada ya herufi DOT: 2314 ni juma la 23 la mwaka wa 2014. Mpira wa namna hiyo unaweza kungaa na kuwa umekufa.

Vuta mikaba yote, na ya nyuma pia. Usinunue mfuko wa hewa uliotolewa katika motokari iliyogonga. Unaweza kuwa wa Takata ile ile. Na fundi wa pembeni ya barabara asifungue kile kikopo: hauwezi kumpa mtu asiyejua baruti kazi ya baruti.

Tunachodai

Kwenye geti la mgodi, pickup isiyo na mukaba ao yenye mipira iliyoisha haiingie. Kompani inakagua, inaandika, inafukuza. Ni vizuri, tulipigania hiyo. Lakini saa ya kutoka, mfanyakazi huyo huyo anapanda motokari ambayo hakuna aliyeikagua, akiwa na bibi na watoto. Uhai wake una bei moja ndani ya geti na bei ingine inje?

Kwa hiyo, delege wa sendika wapeleke mambo matatu mezani. La kwanza: kompani inayotoa kredi ya motokari na kuikata kwenye mshahara itumie ofisi yake ya usalama kuchunguza namba ya shasi mbele ya kulipa muuzaji. Ni kazi ya nusu saa. La pili: Kasumbalesa, ambapo OCC inakwisha kulipwa kwa kontrole, namba ya shasi iangaliwe kwa rapeli, na jibu liandikwe kwenye karatasi ya mnunuzi. Hatuombi motokari irudishwe. Tunaomba mtu ajue ananunua nini. La tatu: wawakilishi wa marke walio Lubumbashi wabadilishe bure kintu cha rapeli kwa kila shasi, hata kama motokari haikununuliwa kwao. Kosa lilifanywa na kiwanda, haikuwa duka.

Tunakumbuka mwaka wa 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka kazini katika mpango wa departi volontere, kwa feza za Benki ya Dunia. Kuna walioweka dekonti yote katika taksi moja. Leo pia, mzee anayetoka mgodini anafikiria paka motokari, na haina ubaya. Lakini ikiwa jasho la miaka 25 litaingia katika shasi moja, lile shasi liulizwe maswali yote ine.

Mtu aliyenunua na kukuta rapeli isiyofanywa, aandike barua kwa mwakilishi wa marke, aweke kopi na tarehe, na alete kopi ingine kwa delege wake. Barua moja wataitupa. Barua mia moja zenye namba za shasi, hapo tunakuwa na kitu cha kuweka mezani.