Mwalimu Mmoja, Mabwana Wangapi?

Kazi iliyo ya wote isipogawanywa vema huishia kuwa si ya yeyote. Ndivyo ulivyo uongozi wa shule zetu za Tanzania Bara, na yafaa tuseme wazi kabla ya mwaka 2027 kutufikia.

Hebu tumtazame mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Mtaala anaoufundisha huandaliwa na Taasisi ya Elimu, na mtihani wa taifa wa wanafunzi wake hutungwa na Baraza la Mitihani. Vyombo hivyo viwili viko chini ya Wizara ya Elimu. Mshahara wake hupitia halmashauri ya wilaya, iliyo chini ya TAMISEMI. Kupanda kwake daraja na nidhamu yake husimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Kisha huja wadhibiti ubora, ambao zamani tuliwaita wakaguzi, nao hutumwa na Wizara.

Mgawanyo huu haukufanywa kwa nia mbaya. Shule imekabidhiwa halmashauri ili wananchi wawe karibu nayo, wasingojee amri za makao makuu kwa kila dirisha lililovunjika. Hatudai, basi, kwamba kila kitu kirudishwe Wizarani. Kufanya hivyo ni kumnyang'anya mzazi sauti yake.

Kasoro iko kwingine. Mdhibiti ubora akikuta watoto mia moja wamesongamana mbele ya mwalimu mmoja, huandika taarifa. Taarifa hiyo huenda Wizarani, ilhali walimu na fedha viko chini ya halmashauri. Hivyo aliyeiona kasoro hana uwezo wa kuiondoa, na mwenye uwezo hakuwapo ilipoonekana. Nakala ya mwalimu mkuu hulala kabatini, na mdhibiti akirudi huandika maneno yale yale.

Historia yetu wenyewe inatuonya. Mwaka 1974 TANU iliamua huko Musoma kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule aanze masomo. Taifa liliitikia kwa moyo mmoja: vijiji vilijenga madarasa, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Ushindi ule ni wa kujivunia. Hata hivyo, tulijifunza kwa uchungu kwamba kumwandikisha mtoto ni jambo moja, na kuhakikisha anaelimika ni jambo jingine. Hilo la pili lataka usimamizi usiokatika.

Sasa mtihani mwingine uko mlangoni. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa mpango huo, mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja, na mwaka 2028 makundi yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza. Je, dawati likikosekana, mzazi amwendee nani?

Twapendekeza jambo moja jepesi. Kila taarifa ya udhibiti ubora isomwe mbele ya kamati ya shule, kisha iwekwe mezani mwa baraza la madiwani. Mkurugenzi wa halmashauri aijibu kwa maandishi katika muda maalumu: lipi litatekelezwa, lini, na nani atawajibika.

Watakuwapo watendaji watakaosema kwamba fedha hazitoshi. Huenda ni kweli, lakini jibu la maandishi halihitaji bajeti mpya. Na pale fedha zinapokosekana kweli kweli, jibu hilo litaifikisha Serikali kwenye ukweli, badala ya kumwacha mwalimu alaumiwe kwa makosa yasiyo yake.

Halmashauri nyingi zinaongozwa na madiwani wa Chama Cha Mapinduzi. Wananchi waliwapa kura, na Chama kiliwapa dhamana. Kwa hiyo, taarifa hizo zikiendelea kulala makabatini, hatutakuwa na mwingine wa kumnyoshea kidole.