Kadi ya bima ikae na mama

Mtoto wa darasa la nne akipandwa na homa usiku, familia nyingi za Nyamongo hutafuta vitu viwili: bodaboda na mtu mwenye hela. Mara nyingi mwenye hela ni baba, naye yuko machimboni au safarini. Mama hawezi kuuza mbuzi bila idhini yake. Ananunua vidonge vichache duka la jirani, homa inashuka, na baada ya siku chache ugonjwa unarudi kwa gharama kubwa zaidi.

Ndiyo maana bima ya afya ni jambo la nyumbani. Chini ya CHF iliyoboreshwa, kaya ya watu 6 ilipangiwa mchango wa Sh30,000 kwa mwaka nje ya Dar es Salaam, na matibabu kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa kwa rufaa. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nia ni watu wachangie wakiwa wazima, wasiuze mali wakiwa wagonjwa.

Boma lenye wake wawili na watoto wanane halienei kwenye kadi moja. Hapo ugomvi huanza: nani aandikishwe, nani aachwe? Baba mwenye busara hulimaliza mapema, baada ya mavuno au mauzo ya ng'ombe: kila nyumba inapata kadi yake, na mama wa nyumba hiyo ndiye anayeitunza. Kadi iliyofungiwa kwenye sanduku la baba aliyesafiri haimsaidii mgonjwa.

Lipo pia tatizo la dawa zenyewe. Mwenye kadi huambiwa dawa zimeisha, akanunue nje. Anarudi akiapa hatachangia tena, na ana haki ya kukasirika. Serikali hununua dawa kwa wingi kupitia Bohari ya Dawa (MSD) ili bei ishuke, lakini nafuu hiyo haimfikii mgonjwa kama rafu ya kituo ni tupu. Mkutano wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila miezi 3, ndipo pa kuuliza: dawa zipi zilipokelewa, zipi zimeisha, nyingine zinakuja lini? Vidonge vyenye alama ya GOT vikionekana vinauzwa dukani, hiyo ni mali ya umma, na taarifa itolewe.

Anayelazimika kununua aombe aandikiwe jina la dawa, si jina la kampuni. Paracetamol ni paracetamol hata kama boksi lake halina jina maarufu, na huwa nafuu. Antibiotiki zinunuliwe dozi kamili; nusu dozi ni hela iliyopotea.

Tena, wapo wasiopaswa kulipa katika vituo vya umma. Sera ya Afya ya 2007 inawasamehe wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Bibi asiye na kipato aanze kwa mwenyekiti wa kijiji kupata barua ya utambulisho.

Wazazi wasisubiri homa nyingine. Wakae jioni moja, wahesabu watu wa nyumba, wakubaliane mchango utatoka wapi na kadi itakaa kwa nani.