Shahidi ambaye hakuwahi kuitwa

Safu ya Barazani
Na Rehema Mwakasege

Mawakili huandika kutwa kucha, ila wasomaji wao ni hakimu, karani wa masjala na wakili wa upande wa pili. Petina Gappah wa Zimbabwe alitafuta wengine. Alizaliwa Zambia mwaka 1971, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Zimbabwe, kisha Cambridge na Graz. Kwa miaka mingi alifanya kazi Geneva, akizisaidia nchi zinazoendelea katika mashauri ya Shirika la Biashara Duniani. Ushuru na ruzuku si mambo ya kuzaa hadithi, lakini mwaka 2009 mkusanyiko wake wa kwanza wa hadithi fupi, An Elegy for Easterly, ulishinda tuzo ya gazeti la Guardian kwa kitabu cha kwanza.

Watu husema ana vipaji viwili. Mimi naona kazi moja. Katika The Book of Memory (2015), mwanamke mwenye ualbino amefungwa katika gereza la Chikurubi, Harare, akisubiri kunyongwa. Wakili wake anamtaka aandike yote anayoyakumbuka, huenda yakafaa kwenye rufaa. Basi msomaji anajikuta kwenye kiti cha jaji: hili aliliona mwenyewe, lile alisimuliwa, na lile jingine aliliunga tu akilini tangu utotoni. Aliyewahi kuhoji mashahidi ndiye anayejua kwamba hata mkweli hukosea.

Kitabu kinachotugusa zaidi ni Out of Darkness, Shining Light (2019). Kinasimulia safari ya maiti ya mmisionari na mpelelezi David Livingstone, aliyefariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake waliuzika moyo wake hapohapo, wakaukausha mwili, wakaubeba hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Aprili ukazikwa Westminster Abbey. Historia ikawakumbuka wawili kati ya watu hao, Chuma na Susi. Mwenzao Jacob Wainwright, aliyesomeshwa na wamisionari India, aliacha shajara. Halima, mpishi wa msafara, hakuacha hata mstari. Tunamjua kwa kuwa wazungu walimtaja.

Gappah akamwita Halima atoe ushahidi kwanza, kabla ya Wainwright mwenye kalamu. Ana ulimi mkali huyo! Anajua nani anamwonea nani wivu na nani anajipendekeza kwa bwana, wakati Wainwright anahubiri tu. Kisheria ushahidi wa Halima haupokeleki, maana maneno ni ya kubuni na shahidi hawezi kuhojiwa. Sawa. Lakini jalada lisilo na Halima nalo lilikuwa pungufu, na tuliliamini karibu karne na nusu.

Lalamiko langu ni moja. Halima huyu, mtoto wa Unguja kwa mujibu wa riwaya, anasimulia kwa Kiingereza. Mwandishi mwenyewe ameonyesha njia: pamoja na Tinashe Muchuri na wenzao, aliiingiza Animal Farm katika Kishona, ikatoka mwaka 2023. Sisi tuna tafsiri yake, Shamba la Wanyama ya Fortunatus Kawegere, tangu 1967, kwa hiyo tusijifanye wageni wa kazi hiyo. Ninyi mawakili wa Dar es Salaam na Zanzibar, mnaohangaika kila siku na hati za kiapo za lugha mbili, mmoja wenu azichukue sura za Halima azitafsiri. Akikwama kwenye mambo ya jikoni, amwulize bibi yake.