Hiyo Subaru ya Staa Imechezewa, Tulieni Kwanza

Wadau, kuna msanii mmoja (jina kapuni) anauza Forester yake ya turbo, na vijana wa hapa Same wameshaanza kukopa, kisa ilionekana kwenye video. Jamani! Staa alilinunua gari lilie, hakulinunua lidumu.

Mlio sio shida. Shida ni programu ya injini kubadilishwa ili turbo isukume upepo mwingi zaidi. Nguvu inaongezeka kweli, ila joto na presha navyo vinapanda, pistoni na klachi ndo zinaumia. Ukitia mafuta ya oktani ndogo, injini inagonga.

Muuzaji atakwambia "iko orijino". Sawa, inama uangalie: egzozi kubwa, masega yametolewa, matundu ya geji iliyong'olewa kwenye dashibodi. Halafu mlipe fundi mwenye mashine asome namba ya programu kwenye kontrol boksi, ailinganishe na ya kiwandani. Ikilingana usishangilie, wajanja huiacha namba ileile. Na mashine ikionyesha kumbukumbu ya makosa imefutwa juzi tu, mimi naondoka.

Kuijaribu msiende kwenye lami ya Mwanga, kule kila gari zuri. Pandisha nayo Mamba, watu wanne ndani. Ukisikia kama kokoto kwenye kopo, achia mafuta hapohapo.

Binamu yangu hakupandisha. Aliweka hela ya tangawizi ya misimu miwili kwenye gari la hivyo. Sasa hivi kuku wanataga humo.