Tule pamoja: sambaza na marafiki

Mwezi huu tuongee juu ya soko na mgahawa.

Hapa Mururu, ukivuka mto Rusizi uko Kongo. Wengi wetu tumekulia kwenye bugali, sombe na sambaza, na sokoni Kamembe tunavikuta vyote, pamoja na mchele wa Bugarama.

Je, mlijua? Sambaza si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Alitolewa Ziwa Tanganyika, akamwagwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu lilikuwa na samaki wachache. Leo analisha Bukavu na Cyangugu, na hakuna anayemwita mgeni.

Tunajua franga ni kidogo na watoto wanangoja nyumbani. Basi tufanye hivi:

Mgahawani, tuchange watu wanne, tuagize sahani moja ya sambaza za kukaanga na bugali. Tuulize bei kabla ya kukaa.

Sokoni, tununue mchele kwa mfuko mzima, tugawane. Kilo moja moja hula franga nyingi.

Kila mwaka uvuvi hufungwa kwa muda ili samaki wazae, na bei hupanda. Tuweke sambaza zilizokaushwa mapema.

Rafiki asiye na kitu tusimwache nyumbani. Leo tunamlipia, kesho naye atatulipia. Na jirani Mnyarwanda tumwite pia: sahani ni moja, na samaki anamjua.

Mlo mwema!