TUIKOBOE ALIZETI KABLA YA KUIKAMUA

Wakulima wa Singida na Dodoma wameitikia wito wa kulima alizeti. Lakini jasho lao halipotei shambani. Hupotea kiwandani, pale mbegu inapokamuliwa pamoja na ganda lake.

Ganda ni kama robo ya uzito wa mbegu, na mafuta yaliyomo ni kidogo mno. Likiingia mashineni hunyonya mafuta ya kiini, hula vyuma, na huacha nta inayoyatia mafuta ukungu yakipoa. Mashudu nayo hujaa nyuzinyuzi, yakawa chakula hafifu cha kuku.

Dawa ipo. Mashine ya kukoboa huzirusha mbegu zilizokauka vyema kwenye ukuta wa chuma. Ganda hupasuka, kisha chekeche na upepo hutenga makapi na viini. Makapi kidogo yaachwe ili mafuta yapate njia ya kutokea. Yaliyosalia ni kuni. Na kwa kuwa kiini kisicho na ganda huharibika upesi, ikobolewe alizeti ile tu itakayokamuliwa siku hiyo.

Mkamuaji mdogo peke yake hamudu mashine hiyo, ushirika waweza. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoundwa mwaka 1973, ni mlango wa kubisha. Bwana shamba na aeleze faida yake vijijini. Mwalimu na aifundishe darasani. Taifa linaloagiza mafuta ya kula kutoka ng'ambo halina haki ya kuyaacha ya kwake yanywewe na makapi.