Kuzima na kuwasha si ufundi!

Wadau, wikiendi nilikuwa home. Asaimenti imenipita kwa dakika nne, intaneti inakatika tu. Kila mtu: "Zima ruta, washa tena." Jamani, hiyo dua, siyo ufundi!

Nikachomeka waya toka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta: haikukatika hata mara moja. Kumbe kampuni tunaitukana bure, tatizo liko hewani. Mama kaifungia ruta kwenye kabati la chuma, wezi wasiione! Halafu sisi na majirani wote tumerundikana chaneli 6, wakati kwenye GHz 2.4 kuna 1 na 11 zisizogongana nayo. Nimeitoa kabatini, nikahamia chaneli 1. Imetulia.

Pimeni na waya kwanza. Nao ukisumbua, hapo ndipo muibane kampuni. Nawasilisha.